Uwanja wa Bwana Msellem

Aliyefagiliwa uwanja hana uwanja.

Neno hilo lilisemwa asubuhi barazani kwa chifu, na lilimkalisha chini kijana mmoja aliyekuja kudai sehemu katika kisima ambacho hakuwahi kukizibua hata mara moja. Watu walicheka, kesi ikaisha. Saumu na wenzake wawili, waliokuwa wamesimama dirishani, hawakuelewa kilichochekesha. Baada ya adhuhuri walikwenda kwa bibi yake, Bi Umazi, wakamkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Bibi," Saumu alisema, "mtu akifagiliwa uwanja, si amesaidiwa?"

"Amesaidiwa kuzikwa," Bi Umazi alijibu bila kuinua kichwa.

Vijana walitazamana.

"Kaeni," alisema. "Ila mikono isikae. Saumu, ungo wa mchele huo. Nyinyi wengine nifulieni nazi zile pembeni. Neno mlilolisikia lilizaliwa hapa hapa kwetu Mwachaza, na lilizaliwa hivi."

Mwachaza ni kijiji cha wanawake wa chaza. Wanaume huvua samaki nje ya mwamba, lakini hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani katikati ya mikoko, ni la wanawake. Maji yakitoka, huingia na vikapu na vipande vya chuma, wakawabandua chaza walioshikamana na mizizi. Nyama huliwa na kuuzwa. Maganda hayatupwi. Kila nyumba ina lundo lake la maganda ubavuni. Mama huliongeza, binti hulirithi akaliongeza, na siku moja huchomwa likawa chokaa ya kupaka nyumba mpya. Zamani walisema kijana anayetaka mke Mwachaza hutazama lundo kwanza, msichana baadaye.

Na uwanja wa mtu ni uso wake. Alfajiri kila mwanamke hufagia wake mpaka kwenye mstari wa maganda uliowekwa kuwa mpaka, akakoma hapo. Jani la mkungu wa jirani likiangukia kwako, hulitupi. Hulisogeza mpakani ukaita, "Jirani, mgeni wako huyu." Naye hutoka akamchukua mgeni wake. Asipotoka leo atatoka kesho, kwani ni aibu mgeni wako kulala mlangoni kwa mtu.

Kuufagia uwanja wa mwenzako ni jambo jingine kabisa. Hufanywa kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni kifo. Mwenye nyumba akifa, majirani humfagilia kabla waombolezaji hawajafika. Ya pili haikuwa ikitajwa sana. Mtu akiwashinda majirani kwa uchafu, akaitwa na kuitika bila kutoka, wanawake wote huja mchana na fagio zao, mwenyewe akiwapo na kutazama, wakamfagilia. Hakuna anayetukana wala kunyoosha kidole. Wakimaliza huondoka, na tangu hapo mtu yule hana neno mtaani. Akisema "hapa ni kwangu", watu hutazama pembeni. Tangu enzi za nyanya zao hakuna aliyekuwa amefanyiwa hivyo, na kina mama waliomba lisitokee tena.

Aliyeomba zaidi ni Mejumaa binti Nasoro. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mpole hata kuku wa watu walimzoea wakalala jikoni kwake. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akisema kitu mkutanoni, waliokaa nyuma huuliza, "Mejumaa kasemaje?" Shoga yake Mwanatumu, ambaye sauti yake ilivuka hori, humrudilia maneno na kuyatia chumvi kidogo. Mejumaa akisema, "Labda tungengoja," Mwanatumu hutangaza, "Mejumaa anasema tukae tungoje, na mwenye haraka akajikune kwake."

Juu ya hori kuna Kilima Fundo. Bwana Msellem, tajiri wa mjini, alikichimba miaka mingi akitoa shaba. Bei ya shaba ilipoanguka aliondoa mitambo, akaacha shimo, akafunga lango kwa kufuli na kumweka mlinzi mmoja, Bakari Ndoro, mtu wa hapa hapa. Watu walimtania Bakari wakipita.

"Bakari, shimo halijaibwa?"

"Lipo. Nimelikagua asubuhi."

Masika yaliyofuata, shimo lilijaa likafurika. Maji yalishuka kwa mtaro wa zamani wa mgodi mpaka kijitoni, na kijito kikaingia horini. Mwanzo yalikuwa na rangi ya chai, kisha yakawa na rangi ya kutu. Tope jekundu liliivaa mizizi ya mikoko kama soksi. Chaza wakaachama, na chaza anayeachama chini ya maji ni maiti. Samaki wadogo waliokuwa wakijificha mle waliacha kuja. Wanawake waliotoka horini walijikuna miguu mpaka damu, na chaza wachache waliopatikana walikuwa na ladha ya msumari.

Kina mama walifanya kama walivyofundishwa. Walipanda mpaka langoni, wakaita, "Jirani, mgeni wako huyu." Bakari aliwapelekea neno mjini. Bwana Msellem alikuwa mtu wa maneno laini na mwepesi wa ahadi, akajibu kwamba amesikia na atakuja. Hakuja. Wakaita tena, akajibu vizuri zaidi. Safari nyingine alituma onyo kwamba tope lile ni mali ya kampuni, na asiliguse mtu.

"Basi tuligusie wapi, na limeshatugusa?" Mwanatumu aliuliza. Alitaka kina mama waingie mgodini siku ile ile.

Mejumaa ndiye aliyewazuia. "Hatufagii uwanja wa mtu aliye hai," alisema. "Atakuja. Hakuna mtu asiyeona aibu."

Mwanatumu alimtazama, halafu kwa mara ya kwanza akarudia maneno ya shoga yake bila kuongeza kitu. Wakangoja. Masika yakapita, vuli ikaja ikapita, na kila mvua ilisukuma wekundu ule mbele kidogo kuelekea bahari. Mejumaa alikuwa akienda horini peke yake maji yakitoka, akifuta mizizi kwa vidole vyake kama mtu anayemfuta mtoto uso. Kesho yake alikuta imevikwa tena.

Mwaka ule serikali ilileta afisa wa uvuvi, binti mmoja aitwaye Riziki Charo. Kwa kuwa maafisa wote waliomtangulia waliitwa bwana samaki, yeye wakamwita Bibi Samaki, naye alikubali jina kwa kucheka. Alipanda kilimani, akateremka horini, akachovya vikaratasi vyake majini na kuwaonyesha kina mama jinsi vilivyogeuka rangi. Kisha akakaa nao uwanjani kwa Mejumaa, akawaeleza kila kitu.

"Maji ya shimo ni makali," alisema. "Ukali wake kama wa ndimu, na zaidi. Yanakula jiwe, yanatoa chuma na shaba iliyomo, yanashuka nayo. Yakifika kwenye maji ya bahari ukali unavunjika, ndipo kutu inapoanguka. Inaanguka juu ya chaza wenu."

"Wamebaki wapi walio wazima?" Mejumaa aliuliza.

"Mejumaa kasemaje?" mtu wa nyuma aliuliza.

"Anauliza chaza wazima wako wapi," Mwanatumu alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mlangoni mwa hori tu," Riziki alijibu. "Kwenye mikoko ile ya mwisho. Hao ndio wanaotoa mbegu ya hori zima. Masika yanayokuja yakiwafikia, hata maji yakisafishwa baadaye hapatakuwa na chaza wa kurudi."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa.

"Dawa yake ni nini?" Mwanatumu aliuliza.

"Dawa ni chokaa. Ukiyapitisha maji juu ya kitu chenye chokaa, ukali unakwisha juu kule kule. Kisha unayatuliza katika mabwawa, kutu inakaa chini, yanateremka yakiwa meupe. Nimeomba ofisini, nimeambiwa bajeti hakuna. Zinatakiwa shehena kubwa za mawe ya chokaa, au matumbawe, au..."

Alikuwa amekaa na mgongo wake umeegemea lundo la maganda la marehemu mama yake Mejumaa, lililokuwa limeupita ukuta wa jiko kwa urefu. Kina mama wote walikuwa wakilitazama. Kisha kila mmoja akageuka kutazama upande wa nyumbani kwake.

"Bibi Samaki," Mwanatumu alisema, "umeegemea dawa."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikafa. Lundo la maganda si takataka. Lile la Mejumaa lilianzwa na mama yake alipoletwa bi arusi, na mpaka anakufa alikuwa akimwambia, "Hii ndiyo nyumba yako, mwanangu, imelala tu. Siku moja utaiamsha." Mejumaa alikuwa akiishi katika nyumba ya udongo iliyopasuka, akingoja mwaka wa kulichoma lundo na kupaka kuta. Na wenzake walikuwa na ahadi kama hizo kwa binti zao.

"Hata tukitoa," alisema mama mmoja mtu mzima, "tutapeleka wapi? Kule ni kwa mtu. Mejumaa mwenyewe alisema hatufagii uwanja wa mtu aliye hai."

Nyuso zote zilimgeukia. Mejumaa aliinama. Aliyaona matope yale yakisogea mbele mvua baada ya mvua, na yeye akiwashika wenzake mikono ili tajiri mmoja asitahayari. Alikuwa amemwonea huruma mtu ambaye hata njia ya kuja kwao alikuwa ameisahau, na hori lililomlea likafa mbele yake likingoja zamu yake ya kuonewa huruma.

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ufagio wake wa chelewa.

"Nilisema hivyo," alisema. "Niliikumbuka sababu ya kwanza. Ya pili niliiogopa."

Safari hii hakuna aliyeuliza kasemaje.

Asubuhi iliyofuata Bakari Ndoro aliwaona wakipanda kilima kwa msururu, vikapu vya maganda vichwani, fagio mikononi, na nyuma yao punda wa kukodi na wanaume wenye majembe ambao walikuwa wameambiwa wasiseme neno.

"Mama zangu," Bakari alisema, "kuna msiba?"

"Bado," alisema Mwanatumu. "Tunauleta."

Bakari alizitazama fagio, akavua kofia. Alikuwa mtoto wa Mwachaza, hakuhitaji kuelezwa.

"Mnafagia kwa sababu ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili, mwanangu," Mejumaa alijibu.

"Basi sharti mwenyewe awepo." Alifikiri kidogo. "Mimi ni mlinzi wake, lakini sitawazuia. Nipeni mpaka kesho nimpigie simu ya dukani. Jambo hili likifanywa, lifanywe kwa haki yake."

Walitua vikapu pale pale langoni, wakarudi nyumbani. Kesho yake Bwana Msellem alifika kwa gari, amemchukua chifu njiani, maana alidhani anakwenda kukuta mawe na makelele. Alikuta wanawake wamesimama kimya, kila mmoja na ufagio wake. Alipofuta jasho usoni, ilionekana wazi kwamba amepumua.

"Wanataka nini?" alimwuliza chifu.

"Wanataka kukufagilia, Bwana Msellem."

"Na malipo?"

"Hawataki malipo."

Bwana Msellem alitabasamu. Bakari akamsogelea sikioni, lakini kilima kilikuwa kimetulia na kila mtu alisikia.

"Tajiri, kataa. Waambie utafagia mwenyewe. Shika ufagio hata wa kuazima."

"Nikatae kazi ya bure? Bakari, ndiyo sababu wewe ni mlinzi."

"Sawa. Mimi nimekwambia."

Hapo Mejumaa alitoka katikati ya wenzake. Mwanatumu alimshika kanga kumrudisha, kwa kuwa desturi haikutaka hilo, lakini Mejumaa alikwenda mpaka mbele ya Bwana Msellem, akamnyooshea ufagio, mpini mbele. Hata siku ile alikuwa bado hajamkatia tamaa binadamu mwenzake.

"Uwanja ni wako, baba," alisema. "Na mgeni aliyelala kwetu ni wako. Fagia wewe mara moja tu, hapo ulipo. Sisi tutakusaidia mpaka mwisho, na maganda yetu tutatoa, na hatutakuwa na neno nawe."

Bwana Msellem aliutazama ufagio, akautazama mkono ulioushika, uliojaa makovu ya maganda. Alirudisha mikono yake nyuma.

"Fagieni, akina mama," alisema kwa upole wake ule ule. "Taka zile mimi sizitaki tena. Nimewaachia."

"Umesema mbele ya chifu," Mwanatumu alisema.

"Nasema mbele ya yeyote."

Mejumaa aliugeuza ufagio, akainama, akaanza. Alianzia pale pale alipokuwa amesimama tajiri, ikambidi tajiri asogeze viatu. Kisha wote wakainama. Hapakuwa na wimbo wala kigelegele. Kilichosikika ni chelewa tu zikikwaruza udongo mwekundu wa Kilima Fundo, na Bwana Msellem, ambaye alikuwa amepanga kukaa kidogo aone kazi inavyokwenda, aliona baridi asiyoijua inatoka wapi, akaingia garini. Bakari alimfungulia lango. Hakulifunga tena.

Kazi ilichukua kiangazi chote. Wanaume walichimba mabwawa chini ya mtaro pale Riziki alipowaonyesha. Wanawake walibeba maganda. Lundo la kwanza kubebwa lilikuwa la Mejumaa, na alilibeba mwenyewe kikapu baada ya kikapu, akikataa punda. Siku alipofika chini kabisa, kwenye maganda meusi aliyoyaweka mama yake akiwa bi arusi, alikaa juu ya ardhi iliyobaki tupu, akalia kidogo, akajipangusa, akayabeba na hayo. Waliyamwaga yote mtaroni, safu juu ya safu, maji ya shimo yakapita juu yake yakichemka povu dogo dogo. Katika bwawa la mwisho ungeona kivuli cha kidole chako chini kabisa. Watu waliyanawa, wakacheka kama watoto.

Kisha, mvua za kwanza kwanza zikiwa zimeshaanza kunusika hewani, maji yakarudi mekundu.

Mwanatumu aliketi kando ya mtaro akatupa ufagio wake. "Tumetoa nyumba za binti zetu," alisema. "Tumezitia shimoni kwa mikono yetu."

Riziki aliingia mtaroni, akatoa ganda moja. Lilikuwa limevaa gamba la kutu, gumu kama la yai. Alilikwangua kwa ukucha, na chini yake ganda lilikuwa jeupe bado.

"Dawa haijaisha," alisema taratibu. "Imefunikwa. Maji hayalifikii ganda. Lazima yasuguliwe, tena na tena, kila yanapofunikwa. Sikuwaambia kwa sababu sikujua yatafunikwa upesi hivi."

"Yasuguliwe na nini?"

Mejumaa alikuwa ameshauokota ufagio wa Mwanatumu, amepandisha kanga magotini, amesimama ndani ya mtaro. Alipiga fagio juu ya maganda kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo. Wingu jekundu lilinyanyuka likateremka bwawani, na nyuma ya ufagio ukabaki mstari mweupe.

"Shoga," alisema, "ulidhani uwanja hufagiwa mara moja?"

Mwanatumu alimwangalia. Kisha akaanza kucheka mpaka machozi, akavua viatu, akaingia.

Tangu siku ile waliweka zamu. Kila mtaa ulikuwa na siku yake ya kupanda kilima na kufagia mtaro, kama walivyofagia viwanja vyao. Masika yalipokuja na vishindo vyake, wanawake walikuwa mtaroni wamelowa wakisugua, na wanaume mabwawani wakizoa tope na kulifukia mbali juu ya kilima. Maji yaliyoteremka horini hayakuwa maangavu kama ya kisima, lakini hayakuwa mekundu. Mikoko ile ya mwisho mlangoni mwa hori haikuvaa soksi. Misimu ikapita, na siku moja Mejumaa alipopitisha kidole chini ya mzizi wa ndani kabisa, kitu kidogo chenye makali kilimkata. Aliitazama damu yake kwa furaha. Kitu kile kilikuwa chaza, mdogo kama ukucha.

Ikapita miaka mingine, bei ya shaba ikapanda, na Bwana Msellem akakumbuka njia ya Mwachaza. Alikuja na gari la wageni waliotaka kuununua mgodi. Wageni walikuwa watu wastaarabu, wakitembea wakiuliza maswali. Walisema barabara ya mitambo itabidi ipite juu ya mabwawa, na mtaro utafukuliwa.

Hakuna aliyewaita kina mama. Walipanda wenyewe, fagio mikononi, wakasimama kando ya mtaro kuanzia juu mpaka chini. Chifu naye alikuja, mzee sasa, akiegemea mkongojo.

"Kazi hii nzuri ni ya nani?" mgeni mmoja aliuliza, akionyesha mabwawa.

"Ni ya kampuni," alisema Bwana Msellem. "Kila unachokiona hapa ni changu. Hati ninayo."

Mejumaa alitoka. Mvi zilikuwa zimeingia, lakini sauti ilikuwa ile ile ndogo. Mwanatumu alifumbua kinywa kama desturi yake ili amrudilie maneno, kisha akakifumba, kwa sababu kilima kizima kilikuwa kimemsikia.

"Bwana Msellem," alisema, "shuka mtaroni. Toa ganda moja lililo lako. Ukilipata, sote tutakupisha."

Bwana Msellem aliyatazama maganda. Yalijaa mtaro kuanzia juu mpaka chini, meupe, na maji yalipita juu yake yakisema maneno yao.

"Mimi nina hati," alisema.

"Hati ni ya kilima. Nimekuuliza ganda."

Alisogea ukingoni. Hata aliinama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha akanyooka na kuwatazama waliokuwapo mmoja mmoja, akitafuta jicho moja la kumwitikia, na kila alipofika watu walikuwa wanatazama pembeni. Aligeuka kwa Bakari.

"Bakari, waambie."

"Nilikwambia wewe, tajiri," alisema Bakari. "Hao hawana haja ya kuambiwa."

Mgeni alimwuliza chifu ni nini kinachoendelea. Chifu aliegemea mkongojo wake, akasema, "Mtu huyu alifagiliwa. Nilikuwapo. Alipewa ufagio akaukataa."

"Na maana yake nini?"

Chifu alimtazama Mejumaa ajibu yeye.

"Maana yake aliziacha taka zake, na uwanja ukazifuata," Mejumaa alisema. "Aliyefagiliwa uwanja hana uwanja."

Wageni walisemezana wenyewe kwa wenyewe, wakatazama tena ule msururu wa wanawake na fagio zao, wakarudi garini. Hati Bwana Msellem alikuwa nayo, na pengine anayo mpaka leo mahali fulani ndani ya sanduku. Lakini Kilima Fundo hakijachimbwa tena, na mtaro ungali unafagiwa. Nyumba ya Mejumaa ilipakwa chokaa miaka mingi baadaye, kwa lundo jipya aliloanza mwenyewe kutoka hori lile lile.

Bi Umazi alikung'uta machicha ya mwisho kutoka kwenye mbuzi. Jua lilikuwa limesogea, na uwanja wake ulikuwa umejaa makumbi ya nazi, pumba na machicha yaliyomwagika. Kisha Saumu, ambaye moyo wake ulikuwa umelainika kwa hadithi, aliinuka, akauchukua ufagio ulioegemea mlangoni, akainama aanze kusaidia.

Bi Umazi aliinuka haraka kuliko walivyodhani magoti yake yanaweza.

"Uweke chini huo," alisema. "Mimi ni mzima, na taka ni zangu."

Akamnyang'anya ufagio, akajifunga kanga vizuri kiunoni, na kuanza kufagia mwenyewe kuelekea kwenye mstari wa maganda. Saumu alicheka, na wenzake wakacheka, maana sasa walikuwa wanajua kilichowachekesha watu barazani.

"Aliyefagiliwa uwanja," Bi Umazi alisema akiwa ameinama.

"Hana uwanja," walijibu, wakampisha apite.